Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Maktaba iko juu ya kiwanda cha zamani cha maziwa,
na theluji ikiyeyuka, kuta bado hunuka mtindi.
Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, giza limetanda tangu saa tisa.
Viti saba, birika moja, biskuti za shayiri,
na kitabu cha ng'ombe kimelala kifudifudi mezani
kama mtu aliyechoka kusemwa.

Urmas, fundi wa mashine za kukamulia, ndiye aliyeanza:
"Ukurasa wa kwanza tu, ng'ombe anasema *nakumbuka*.
Nikakifunga. Nimeishi na ng'ombe miaka thelathini,
hakuna aliyewahi kuniambia hata *shika adabu yako*,
na sababu walikuwa nazo."

Virve alitibu mifugo ya wilaya nzima hadi goti lilipomgomea.
Yeye hakukerwa na mdomo. Alikerwa na tumbo.
"Kurasa mia tatu," alisema, akizipima kwa kidole gumba,
"na ng'ombe huyu hakucheua hata mara moja!
Analia, anaota, anasamehe.
Atasamehe saa ngapi, kama hacheui?
Mwandishi huyu kaona ng'ombe kwenye pakiti ya siagi."

Kicheko. Birika likaitika.

Kertu, miaka kumi na mmoja, huja kwa kuwa mamake hufagia ngazi.
Vitabu huvianzia mwisho. Ana daftari lenye mstari katikati:
kushoto waliokufa, kulia waliobaki.
Kushoto kumejaa hadi jalada:
mbwa, farasi, kulungu, mbwa, mbwa, bata mmoja.
"Kila mara," alisema bila kuinua macho,
"mnyama anakufa, mtoto anapata funzo.
Kwa nini siku moja asife mtu,
ng'ombe akapata funzo?"

Hapo hakuna aliyegusa biskuti.

Helme, mtunza maktaba, huandika maoni yote katika leja:
jina, ukurasa, sentensi moja, si zaidi.
Kalamu ikamgeukia Endel,
ambaye mchango wake, kwa kawaida, ni kikohozi.

Nakala yake ilirudi imechelewa siku kumi na nne,
imevimba kwa unyevu, nyasi kavu katikati.
"Nilimsomea Punik," alisema. "Zizini. Ndiye aliyebaki."
Akavua kofia, akaivaa tena.
"Alikuwa akicheua vizuri tu. Ukurasa wa mia na kumi na mbili,
pale wanapouza shamba, akaacha."

Urmas akafumbua kinywa. Virve akamzuia kwa mkono
uleule uliovuta ndama usiku kucha,
akauliza kwa sauti yake ya kazini:
"Sikio lipi lilisogea?"
"La kushoto."
"Kwa muda gani?"
"Hadi nilipogeuza ukurasa."
Akakubali kwa kichwa, polepole, kama asomaye kipimajoto.

Lugha hii ninayoandikia ilishakata shauri zamani;
ng'ombe hakuachwa nje ya ua wa sarufi:
*a*mekuja, *a*mesikia, *a*mekufa,
yeye, kama shangazi, kama jirani,
ilhali kitabu, maskini, hubaki *ki* tu
hata kikiliza ukumbi mzima.
Helme hakuwa na msaada huo. Alisita, akafuta wino wa ncha,
kisha akaandika:
Punik. Ukurasa wa 112. Aliacha kucheua.

"Ulimsomea mwisho?" Kertu akauliza.
Endel akatazama dirisha, ambamo hamkuwa na kitu
ila giza na sura zetu.
"Nilimwambia taa imeishiwa mafuta."
"Zizi lako lina umeme," alisema Urmas, chini kwa chini.
"Niliufunga mimi."
"Najua."

Kertu akafungua daftari, akakaa sana
na kalamu juu ya mstari wa katikati.

Faini ya siku kumi na nne ni senti sabini.
Endel akazihesabu zote, moja moja,
kisha akauliza kama kipo kingine,
kisicho na shamba la kuuzwa.